Kodi Moja, Mswada Mmoja: Mwongozo wa Mwandishi Anayeanza Maisha Dar es Salaam

Wanaokuja Dar wakitaka kuishi kwa kalamu wengi wao hawashindwi na kuandika, wanashindwa na kodi ya nyumba. Mswada unakuwa umefika sura ya nane, miezi sita ya pango inakatika, mwenye nyumba anagonga mlango, na kalamu inawekwa chini ili hela itafutwe kwanza. Akirudi kwenye mswada baada ya miezi mitatu, mwandishi hakumbuki tena mhusika wake alikuwa anaelekea wapi. Kwa hiyo tutaanza na chumba, fasihi itafuata.

Chumba

Dar kodi hailipwi mwezi kwa mwezi. Wenye nyumba wengi wanataka ya miezi sita kwa mkupuo, baadhi wanakubali mitatu, na wengine hawasikii chochote pungufu ya mwaka. Dalali naye anachukua kodi ya mwezi mmoja, na wapo wanaodai hela ya kukuonyesha chumba hata kama hujakipenda, kwa hiyo hilo mlimalize kabla hamjaanza kutembea. Tuseme umepata chumba cha shilingi 60,000 kwa mwezi. Miezi sita ni 360,000, dalali 60,000, jumla 420,000, na bado hujanunua godoro, ndoo, sufuria wala jiko. Usiingie kwenye chumba chako mwenyewe ukiwa na chini ya 600,000 mkononi. Chini ya hapo utaanza maisha kwa kukopa, na deni la mwezi wa kwanza huwa halimwachi mtu aandike.

Ukishahamia, gawa ile 360,000 kwa wiki 26. Inakuja kama 14,000 kwa wiki. Hiyo ndiyo hela ya kwanza kutoka kwenye kila malipo unayopata, kabla ya chakula na kabla ya bando. Iweke kwenye laini ya pili isiyokaa kwenye simu unayotembea nayo, au kwenye kibubu cha mbao kilichopigwa misumari. Ukiiacha kwenye laini unayoitumia kila siku, itaondoka elfu mbili mbili bila wewe kujua imekwenda wapi.

Chumba kikague mara tatu kabla ya kulipa. Nenda mchana uone mwanga na joto, kwa sababu chumba cha bati kisicho na dari hakikaliki Januari saa nane mchana. Rudi Jumamosi saa tatu usiku usikilize. Baa ya jirani, kigodoro cha mtaa wa pili, mashine ya kusaga na maspika ya mkesha huvisikii unapokuja na dalali Jumanne asubuhi. Mara ya tatu nenda baada ya mvua kubwa. Nyumba za mabondeni, hasa kando ya Mto Msimbazi, zina kodi nafuu kwa sababu maji yanaingia ndani wakati wa masika, Machi hadi Mei, na mara nyingine wakati wa vuli, Oktoba hadi Desemba. Laptop iliyoloa inaondoka na mswada wako. Angalia ukutani: ukiona mstari wa tope uliokaukia usawa wa goti, aga uondoke.

Halafu kuna Luku, mita ya umeme wa kulipia kabla, ya kushea. Nyumba ya wapangaji sita wenye mita moja ni chanzo cha ugomvi usioisha, na mwenye kompyuta ndiye wa kwanza kunyooshewa kidole. Jifunze hesabu hii uwe nayo kichwani. Laptop ya wati 50 ikiwashwa saa 6 kwa siku inakula uniti 0.3, yaani uniti 9 kwa mwezi. Friji dogo la jirani linakula mara tatu ya hapo au zaidi, na pasi ya wati 1,000 ikitumika saa moja tu imeshakula uniti nzima. Ongea mapema, kwa adabu, siku ya kuhamia: "Mama, shikamoo. Mimi sina friji wala pasi, nina kompyuta na taa. Naomba tupange mchango wangu kabisa leo." Ukisubiri hadi siku umeme unakatika na kila mtu ameshachukia, hakuna atakayekusikiliza.

Kuhusu mahali, tunasimamia hili: mwandishi asiye na ajira ya kila siku akae mbali kwenye utulivu. Chanika, Kivule, Kigamboni ndani, Mbezi ya juu. Kukaa Sinza au Kinondoni kunavutia kwa sababu ya watu na shughuli, lakini kodi yake inakulazimisha ukimbizane na vibarua kutwa nzima. Ukipanga mambo yako yote ya mjini yaangukie siku moja au mbili kwa wiki, umbali haukuumizi. Mwenye kazi ya kila siku Posta ahesabu kinyume chake. Saa tatu za foleni kwa siku, siku tano, ni saa 15 kwa wiki, na anayesimama kwenye daladala ya Gongo la Mboto jioni haandiki chochote.

Kama unafikia kwa mjomba, shangazi au shemeji, nenda na tarehe ya kuondoka na uiseme mwenyewe. Changia unga, mkaa au gesi hata kama hujaombwa. Na uwe na saa inayojulikana ya kuandika, kwa sababu kwenye nyumba ya ndugu mtu aliyekaa na daftari anaonekana hana kazi, na asiye na kazi ndiye anayetumwa dukani. Ukisema, "Shangazi, kuanzia saa kumi alfajiri mpaka saa kumi na mbili nitakuwa naandika, baada ya hapo nipo," utaheshimiwa kuliko ukijifungia chumbani kutwa.

Saa na maneno

Saa kumi alfajiri hadi saa kumi na mbili ndiyo saa bora za jiji hili. Hakuna joto, hakuna muziki, simu haiiti. Lengo liwe maneno 500 kwa siku, siku tano kwa wiki. Ukurasa wa A4 wenye herufi za ukubwa wa 12 na nafasi mbili kati ya mistari unabeba takribani maneno 250, kwa hiyo unaandika kurasa mbili tu. Riwaya ya maneno 50,000 inahitaji siku 100 za namna hiyo, ambazo ni wiki 20. Kodi ya miezi sita ina wiki 26. Unabakiwa na wiki sita za kusahihisha kabla mwenye nyumba hajagonga. Panga hivyo tangu siku ya kuhamia, kodi moja mswada mmoja, na uandike tarehe zote mbili ukutani.

Kinachovuruga hesabu hii mara nyingi ni kurudia sura ya kwanza. Watu wanaandika sura ya kwanza mara 11 na hawafiki ya pili. Usirudi nyuma mpaka rasimu iishe. Ukigundua jina la mhusika linapaswa kubadilika, liandike pembeni kwenye daftari uendelee na jina jipya. Na kila unapofunga kazi, andika mstari mmoja wa kinachofuata, mfano "Kesho: Mwajuma anakuta barua chini ya godoro." Asubuhi yake unaanza kuandika badala ya kukaa unafikiri.

Hifadhi mswada sehemu tatu: kwenye kifaa chako, kwenye barua pepe yako mwenyewe, na kwenye flashi inayokaa nyumbani. Kutuma kwa barua pepe kufanyike kila siku ukimaliza, hata kama ni kurasa mbili. Kibaka anayekwapua simu dirishani mwa daladala hajui kwamba amebeba riwaya. Ile barua pepe yenye tarehe itakusaidia pia ukija kubishana na mtu kuhusu nani aliandika kwanza. Wasio na laptop wasikate tamaa, simu yenye programu ya kuandikia na kibodi ndogo ya bluetooth inatosha kabisa kwa rasimu.

Mchana, ukihitaji meza, feni na vitabu, nenda Maktaba Kuu ya Taifa, Barabara ya Bibi Titi Mohamed, iliyofunguliwa mwaka 1967. Huko unasoma kwa ada ndogo waandishi ambao vitabu vyao huwezi kuvinunua. Soma Book Café iliyopo Mikocheni, Nafasi Art Space, Goethe-Institut na Alliance Française kule Upanga ni sehemu ambazo shughuli za fasihi na sanaa hufanyika. Nenda kwa ajili ya watu utakaokutana nao. Mtu mmoja anayekubali kusoma sura zako tatu na kukuambia ukweli ana faida kuliko wafuasi elfu mbili. Waandishi wa riwaya wana umoja wao, UWARIDI, na washairi wana UKUTA. Jiunge mapema, kwani bei za wachapaji na tabia za wachapishaji utazijua huko kuliko kwingine kokote.

Kazi za mkate

Kuna kazi za maandishi zinazolipa ndani ya wiki, na zipo mtaani kwako. Kila mtaa una vikundi vya kina mama na vijana wanaotaka mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri, ile inayogawanywa asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Kikundi kinahitaji katiba, muhtasari wa kikao na andiko la mradi. Vingi havina mtu wa kuviandika vizuri, na maombi yanarudishwa kwa sababu jina la kikundi kwenye katiba halifanani na lililoko kwenye muhtasari, au kwa sababu andiko halionyeshi marejesho yatatoka wapi. Mwandishi makini anayamaliza kwa siku mbili. Patana bei kwa kifurushi kizima, chukua nusu kabla, na weka kwenye makubaliano kwamba utarekebisha bure mara moja ikirudishwa. Ukifanya kimoja vizuri, cha pili kitakuja chenyewe, maana mwenyekiti wa kikundi na mwenyekiti wa mtaa wanaongea.

Risala nazo zina msimu. Mahafali, harusi, uzinduzi, mapokezi ya mgeni rasmi. Risala nzuri haizidi dakika saba, yaani maneno kama 800 yakisomwa taratibu, na maombi kwa mgeni rasmi hayazidi matatu. Wasifu wa kazi na barua za maombi zinatafutwa mwaka mzima. Ongea na mwenye steshenari ya karibu: yeye anachapa, wewe unaandika, mnagawana. Ana wateja kila siku wanaomuuliza, "Kaka, huwezi kuniandikia na barua yenyewe?"

Kuna kazi moja ya kukataa, kuwaandikia wanafunzi tasnifu. Hela yake ni ya haraka, lakini ni wizi wa kitaaluma na jina lako litakaa kwenye midomo ya watu. Kuhariri lugha ya tasnifu ambayo mwanafunzi ameiandika mwenyewe ni kazi halali, lipisha kwa ukurasa.

Tafuta TIN, namba ya mlipakodi, kutoka TRA mapema, haiuzwi. Mashirika na kampuni hayalipi mtu asiye nayo. Na usishtuke malipo yakipungua: kampuni ikikulipa kwa huduma inakata kodi ya zuio ya asilimia 5, kwa hiyo kwenye 200,000 unapokea 190,000. Omba cheti cha zuio, kwa sababu ile 10,000 ni kodi uliyokwisha kulipa.

Simulizi za WhatsApp na Facebook

Soko ambalo mwandishi wa Kiswahili asiyejulikana analifikia haraka zaidi ni hili. Wasomaji wapo, wanalipa kwa simu, na hawajali kama una kitabu dukani. Ila lina utaratibu wake, na anayeuvunja anaitwa tapeli.

Maliza hadithi nzima kabla ya kuweka sehemu ya kwanza. Simulizi ya sehemu 40, kila sehemu maneno 1,000 hadi 1,200, iwe imekamilika kwenye faili lako. Wanaoandika huku wanatuma hukwama sehemu ya 23 wakiugua au wakibanwa na kibarua, na msomaji aliyekwisha lipa hasamehi. Sehemu 10 za kwanza ziweke bure Facebook, moja kila siku, saa mbili hadi saa tatu usiku, watu wakiwa wametulia na simu. Ikate pale msomaji atakapobaki na arosto: mlango umefunguka, aliyeingia hajatajwa, ITAENDELEA. Sehemu ya 10 ndiyo iwe na mkato mkali kuliko zote, kwa sababu hapo ndipo unapomwambia anayetaka kuendelea alipie.

Bei ya simulizi nzima iwe kiasi ambacho mtu hahitaji kukifikiria mara mbili, elfu moja hadi mbili. Ukiuza kila sehemu peke yake utashinda unahakiki miamala ya shilingi 200 badala ya kuandika. Wanaolipia waingize kwenye kundi la WhatsApp ulilolifunga ili admini pekee atume ujumbe. Ukiliacha wazi, siku mbili tu limejaa matangazo ya mikopo na salamu za asubuhi. Kundi linabeba watu 1,024. Usitumie orodha ya kutuma kwa wengi (broadcast), kwani inaishia watu 256, na ujumbe haumfiki mtu ambaye hajaihifadhi namba yako.

Malipo yapokee kwa lipa namba au laini moja tu, iwe M-Pesa, Mixx by Yas au Airtel Money, na jina linalotokea liwe lile lile unaloandikia au ulitangaze wazi. Usimwingize mtu kwenye kundi kwa kuona picha ya ujumbe wa muamala. Ujumbe wa kutunga upo mwingi na unafanana na wa kweli hadi nukta. Angalia salio lako. Vivyo hivyo anayekupigia akisema amekosea kutuma 20,000 na anaomba umrudishie, mwelekeze kwa mtandao wake, wao wana utaratibu wa kurudisha miamala. Kwenye daftari andika tarehe, jina, tarakimu tatu za mwisho za namba na kiasi. Baada ya hadithi tatu, daftari hilo linakuonyesha nani hununua kila mara, na hao ndio utakaowauzia kitabu cha karatasi.

Wizi utakukuta. Mtu atanakili sehemu zako, atafuta jina, ataziweka kwenye ukurasa wake, au atazisoma na kuzifanya simulizi ya sauti YouTube. Hutaukomesha wote, ila utaupunguza. Unapotoa PDF, weka namba ya simu ya mnunuzi chini ya kila ukurasa, maana anayejua namba yake imo husita kuisambaza. Jina lako liingie ndani ya maandishi, siyo juu tu: kila sehemu, katikati ya aya mbili, weka mstari mmoja wa jina la hadithi na la mwandishi. Ukikuta imeibwa Facebook au YouTube, tumia fomu zao za malalamiko ya hakimiliki, ukiambatanisha ile barua pepe uliyojitumia. Kurasa hushushwa.

Lugha

Mhariri anaacha kusoma kwenye ukurasa wa kwanza, na mara nyingi sababu ni tahajia. Yapo makosa yanayojirudia kwenye miswada ya vijana. "Kwahiyo" na "kwasababu" kuandikwa neno moja wakati ni mawili, na "isipokuwa" kuandikwa mawili wakati ni moja. "Nae" badala ya "naye". "Ndio" na "ndiyo" kuchanganywa: "ndiyo, nimekuja" lakini "hao ndio waliokuja". H kudondoka, "apa" na "akuna". R na L kubadilishana nafasi. Nunua Kamusi ya Kiswahili Sanifu au Kamusi Kuu ya BAKITA hata ya mtumba, na ukae nayo karibu.

Lugha ya mtaa itumie kwenye vinywa vya wahusika. Konda wa Buguruni aongee kama konda wa Buguruni. Lakini kumbuka neno la mjini huzeeka haraka, na riwaya inayosimulia kwa maneno ya mwaka huu itahitaji maelezo baada ya miaka mitatu. Msimulizi wako aongee Kiswahili kitakachosomeka Tanga, Mombasa na Bukoba.

Magazeti na skripti

Makala ya gazeti iwe maneno 800 hadi 1,000, yenye jambo moja. Itume kwa barua pepe ya dawati husika, ikiwa imebandikwa ndani ya ujumbe na pia kuambatanishwa. Ujumbe wenyewe uwe mfupi: "Habari za kazi, ndugu mhariri. Naambatanisha makala ya maneno 850 kuhusu wauza samaki wa Feri na bei ya barafu. Haijachapishwa popote. Namba yangu ni hii." Fuatilia baada ya siku saba, mara moja. Uliza malipo kabla haijatoka. Makala nyingi za wachangiaji wa nje hazilipwi, na hakuna ubaya kukubali mbili tatu za namna hiyo ili upate kurasa za kuonyesha, ila usifanye mwaka mzima.

Skripti hulipa zaidi na huumiza zaidi. Ukurasa mmoja wa skripti ni takribani dakika moja ya picha, kwa hiyo kipindi cha dakika 25 kina kurasa 25. Maneno ya hatari ni "tutakulipa filamu ikitoka". Ikichelewa, ikikosa mnunuzi, au mtayarishaji akigombana na mshirika wake, wewe ndiye wa mwisho kwenye foleni. Gawa malipo mara tatu: theluthi kwa muhtasari, theluthi kwa rasimu ya kwanza, theluthi kwa rasimu ya mwisho kabla hujaituma. Mpelekee muhtasari wa kurasa mbili, siyo skripti nzima, mpaka karatasi isainiwe.

Mchapishaji na mchapaji

Hawa ni watu wawili tofauti, na kuwachanganya kumewagharimu wengi. Mchapishaji anagharamia kitabu chako, anakihariri, anakiuza, na anakulipa mrabaha, yaani asilimia yako kwenye kila nakala inayouzwa. Mchapaji ana mashine, unamlipa akutolee nakala. Anayejiita mchapishaji halafu akakuomba milioni mbili ni mchapaji wa bei ghali. Dar kuna wachapishaji halisi kama Mkuki na Nyota na E&D Vision. Soma kwanza vitabu walivyokwisha toa ujue kama chako kinakaa mule. Jibu linaweza kuchukua miezi mingi, kwa hiyo usiweke hela yake kwenye bajeti ya kodi.

Mkataba ukija, tafuta mambo manne. Kwanza, mrabaha unahesabiwa kwenye bei ya jalada au mapato halisi? Kitabu cha 10,000 kwa asilimia 10 ya bei ya jalada kinakupa 1,000 kwa nakala. Asilimia hiyo hiyo kwenye mapato halisi, duka likiwa limepewa punguzo la asilimia 40, inakupa 600. Kwenye nakala elfu moja tofauti ni shilingi 400,000, zaidi ya kodi ya miezi sita ya chumba chetu cha mfano. Pili, haki zipi unatoa: kitabu cha karatasi tu, au na sauti, filamu, tafsiri na mtandao? Zile wasizokuwa na mpango nazo zibaki kwako, zitajwe kwa jina. Tatu, taarifa ya mauzo inatoka lini. Nne, kitabu kikiisha dukani wasipokichapa tena, haki zinarudi kwako baada ya muda gani?

Ukiamua kujichapishia, anza na nakala chache. Mashine ya dijitali inafaa nakala hadi kama 300. Ofseti ina gharama ya bamba, sahani ya kuchapia kurasa zako, unayoilipa hata ukichapa 50, kwa hiyo inakuwa nafuu ukifika mamia mengi. Omba bei kwa maandishi kutoka kwa wachapaji watatu, Kariakoo wapo wengi, na wote wape vipimo vile vile: A5, kurasa 160, karatasi ya gramu 80, jalada la gramu 300, gundi mgongoni. Ofseti huenda kwa mafungu ya kurasa 16, hivyo kurasa 163 utalipia 176. Usilipe salio bila kuona nakala moja kamili ya sampuli. Ifungue katikati mpaka ilale, uivute ukurasa. Gundi mbaya inajulikana hapo hapo. Pitia kurasa zote kwa namba zake, maana fungu moja likipangwa kinyume ukurasa wa 49 utafuatia wa 32.

Tuseme nakala 200 kwa 6,000 kila moja, 1,200,000. Ukiuza 12,000 mkono kwa mkono, nakala 100 zinarudisha mtaji. Dukani, likikata asilimia 35, unapata 7,800, faida 1,800. Kwa hiyo nakala 100 za kwanza uza mwenyewe, kwa wale wa daftari la simulizi, kisha peleka maduka ya vitabu kama TPH ya Mtaa wa Samora. ISBN, namba ya utambulisho wa kitabu, inatolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba, nao unawapelekea nakala za amana, za kuhifadhiwa, kitabu kikitoka. Ukilenga shule, jambo ni jingine: ithibati ya Taasisi ya Elimu Tanzania, na subira.

Hakimiliki unayo tangu unapoandika. Usajili wa COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, ni wa kukupa ushahidi, na ni hatua nzuri kabla ya kuusambaza mswada. Kuhusu tuzo, mbili ziwe kwenye kalenda yako. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, iliyotolewa kwa mara ya kwanza Aprili 13, 2023, ina shilingi milioni 10 kwa mshindi wa kwanza, na ile ya Safal-Cornell hupokea miswada ya Kiswahili. Soma masharti ya mwaka husika neno kwa neno. Mswada mzuri hutupwa kwa kuwa na jina la mwandishi kwenye kurasa zilizotakiwa kuwa bila jina.

Dukani usiache vitabu kwa maneno ya mdomo. Andika hati ya makabidhiano nakala mbili: idadi, bei, asilimia ya duka, tarehe ya kuhesabu, sahihi na namba ya simu ya aliyepokea. Acha nakala 10, siyo 50. Rudi kila mwisho wa mwezi uhesabu mwenyewe zilizobaki rafuni, chukua hela ya zilizouzwa siku hiyo hiyo, na zilizochakaa zibadilishe. Duka lililokupiga tarehe mara mbili, chukua zilizobaki uzipeleke kwingine.